Goigoi wa Chumba cha Mvinyo

Njia nzima kutoka Msambweni hadi Galu, Mwanaima alijiapiza kwamba leo hatamtazama Alfani usoni. Angeingia, angechukua chupa zake, angesema asante kama anavyomwambia mtu yeyote, kisha angeondoka zake. Kiapo hicho kilidumu mpaka alipofika kwenye mlango wa chumba cha mvinyo, uliokuwa wazi, akamkuta Alfani mwenyewe amesimama pale na bisibisi mkononi, na lile tabasamu lake likaanzia upande wa kushoto wa mdomo, likachukua muda wake kufika upande wa kulia. Kila kitu cha Alfani kilichelewa, hata tabasamu.

"Karibu," alisema. "Chupa zako zimelala salama."

"Chupa hazilali. Zinatikiswa."

"Basi zimetikisika salama."

Tueleze mapema binti wa Kidigo, mwenye buibui na shahada ya chuo kikuu, alikuwa akifanya nini katika chumba cha mvinyo cha hoteli ya kitalii, maana waliodhani vibaya wapo, na mmoja wao yuko njiani anakuja. Mwanaima alikuwa mtafiti katika maabara ya kichocho Msambweni. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha bakteria kupika protini moja ya mnyoo wa kichocho, na protini hiyo ilikuwa na maringo kuliko mke mdogo. Haikutaka joto, na Msambweni ni joto. Mashine ya maabara ilijua kupasha tu, kupoza haikujua. Hoteli ya Galu nayo, mwaka ule, ilikuwa imekauka wageni. Upande mmoja mzima ulifungwa, na chumba cha mvinyo kikabaki na chupa chache zenye vumbi pamoja na ubaridi uleule usiokuwa na kazi. Fundi wa mafriji wa hoteli hiyo alikuwa Alfani. Mkubwa wa maabara aliridhia, meneja akaridhia, chupa zikafungwa vifuniko viwili viwili na kuwekewa rafu yake, na Alfani akazitengenezea meza ya kujitikisa kwa mota ya waipa ya gari bovu.

Mwanaima alilipita kreti la maji lililowekwa kuuzuia mlango usijifunge, akaiendea meza. Chupa zilikuwa zikienda na kurudi, taratibu, na ndani yake maji yalikuwa yamegeuka ukungu. Maana yake bakteria walikuwa wamekua. Moyo wake ulifurahi, kisha ukakumbuka kwamba umekasirika.

"Nasikia umenunua kitanda," alisema, macho kwenye chupa.

"Umesikia wapi?"

"Ukunda nzima imesikia. Kitanda cha mvule, matendegu ya kuchonga, kimepitishwa barabarani juu ya mkokoteni mchana kweupe kama bwana harusi."

"Wamesema ni kizuri?" Alfani aliuliza, na hamu yake ilikuwa ya kweli.

"Mimi sijakiona."

"Utakiona."

Damu ilimpanda Mwanaima mpaka masikioni. Utakiona. Alfani alitaka kumwalika harusini, akakae na wanawake wengine ukumbini, ampigie vigelegele mtu aliyemkosesha usingizi mwaka mzima? Alikuwa anampenda fundi huyu. Tuseme wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshajiambia wazi mara nyingi. Alimpenda tangu siku alipokuja maabara kutengeneza friji, akaomba radhi kwa kuchelewa, kisha akaisikiliza ile friji kwa sikio kama daktari kabla ya kuigusa. Alikuwa akingoja alete wazee. Alingoja mvua za masika, akangoja kipupwe, na sasa Alfani ananunua kitanda.

"Na atakayelala humo ni nani?"

Alfani aliona haya. Aliitazama bisibisi yake kana kwamba jibu limeandikwa juu ya mpini. "Mambo hayo, Mwanaima, si vizuri mimi na wewe kuyazungumza. Wazee wapo."

"Wazee wapo," Mwanaima aliitikia polepole. "Ndiyo, wapo. Ijumaa hii watu wa Abdulaziz wanakuja kwetu kupokea jibu lao."

"Abdulaziz wa duka la saruji?"

"Yeye."

"Jibu la nini?"

"La posa, Alfani."

"Posa ya nani?"

Bisibisi ilianguka. Kabla hajaiokota, kivuli kilijaa mlangoni, na sauti ambayo Mwanaima aliijua tangu kunyonyeshwa ikasema, "Nilipoambiwa nilikataa. Nilikataa mbele za watu."

Alikuwa Bi Mwanatumu, dada wa baba yake. Ingawa Mwanaima alikuwa na baba hai, mwenye afya, kila jambo la nyumba ile mzee hulijibu kwa maneno yaleyale, "Kamuulizeni dada yangu." Posa zote zilipita mkononi mwa Bi Mwanatumu, na zilizokataliwa zilirudi kwa njia hiyohiyo.

"Shikamoo shangazi," walisema wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halikusaidia.

"Marahaba. Mbeyu aletaye mboga hapa akaniambia, mtoto wenu huingia chumba cha pombe na mwanamume. Nikamwambia Mbeyu, utubu. Sasa mimi ndiye nitakayemwendea Mbeyu kumtaka radhi." Bi Mwanatumu aligeuka akatazama ukumbini. Mpishi mmoja alikuwa akipita na sufuria. "Na watu wapita, watutazama."

Akalisukuma kreti kwa mguu, akauvuta mlango kwa nguvu zote za heshima ya ukoo wake. Mlango ulifunga kwa mlio mzito.

Alfani alifumba macho. "Shangazi, kwa hisani yako, umeufunga kabisa?"

"Nimeufunga. Wewe wataka tuonekane?"

"Kwa ndani haufunguki."

Bi Mwanatumu aliukagua mlango kuanzia juu hadi chini. Mahali pa kitasa palikuwa na tundu tu. "Wewe si ndiye fundi hapa?"

"Ndimi."

"Kitasa kiko wapi?"

Alfani alionyesha kwa kidole. Kwenye meza ya kujitikisa, kati ya mota na trei ya chupa, kipande kirefu cha chuma kilichong'aa kilikuwa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi. "Fimbo niliyoweka mwanzo ilikuwa ikivunjika," alieleza. "Chupa zingesimama, na bakteria wakikosa hewa hawafanyi kazi. Nikachukua kitasa. Nimeagiza kingine Mombasa, bado hakijafika."

Mwanaima alikitazama kile chuma. Wiki nzima alikuwa akikiona na hakujua kwamba kilitoka mlangoni, wala kwamba mtu alikubali kufungiwa kwenye baridi wakati wowote ili chupa zake zisisimame. Alitaka kukasirika zaidi, akashindwa pa kuanzia.

"Justus mwenye stoo ana ufunguo wa nje," Alfani alisema. "Amekwenda kula."

"Hula kwa muda gani?"

"Justus hukiheshimu mno chakula, shangazi."

Hapakuwa na la kufanya. Bi Mwanatumu aliketi juu ya kreti, baada ya kuhakikishiwa mara mbili kuwa ni la maji. Kisha akaziona zile chupa chache za mvinyo rafuni. "Zigeuze hizo," alimwamuru Alfani. "Zitazame ukutani." Alfani akazigeuza moja moja, kwa adabu. Baridi ilianza kumwingia mama wa watu kupitia leso. Alipewa koti la kazi la Alfani akalikataa, akapewa tena akalikataa, mara ya tatu akalivaa na kusema kwamba lanuka gesi.

"Haya," alisema, mikono ndani ya mifuko ya koti. "Hicho kinachojitikisa ni nini?"

"Bakteria, shangazi," alisema Mwanaima. "Hawadhuru. Ni wa kufugwa maabara tu."

"Asili yao wapi?"

Mwanaima alisita. Alfani, ambaye uongo ulimshinda tangu utotoni, akajibu, "Tumboni mwa watu."

"Tumboni sehemu gani?"

Alfani na Mwanaima walitazamana. Bi Mwanatumu alivuta leso akaziba pua.

"Nisikilize, shangazi," Mwanaima aliharakisha. "Mnyoo wa kichocho ana protini yake moja. Tukiipata safi, tutaweza kumpima mtoto kwa tone la damu tujue kama anao. Lakini kuipata kwa kufuga minyoo yenyewe ni kazi ya kukuzeesha, na hupati hata ya kujaza kijiko. Kwa hiyo twachukua maagizo ya mapishi kutoka kwa mnyoo, twampa bakteria, atupikie yeye. Shida yetu ni kumpata mpishi."

Neno mpishi lilishusha leso kidogo. "Mmejaribu wangapi?"

"Huyu ni wa nne. Wa kwanza tulimwita Chapuchapu. Karibu kila maabara humtumia. Akua upesi, joto la Msambweni halimsumbui, na alitupikia tele. Lakini yote ikawa madonge."

"Kama uji wa mtu mwenye haraka."

"Hasa. Protini ni kama uzi, shangazi. Lazima ukunjwe kwa mpango wake, na ufungwe mafundo mahali pake. Ukikunjwa ovyo, ni takataka, hata uwe mwingi kiasi gani."

"Wa pili?"

"Alipungukiwa viungo. Maagizo ya mnyoo yataka viungo ambavyo bakteria wengi hawaweki kwa wingi jikoni mwao. Alifika katikati akaacha."

"Na wa tatu?"

"Alikufa. Alichokuwa akipika kilimdhuru yeye mwenyewe."

"Maskini," alisema Bi Mwanatumu, aliyekuwa ameziba pua muda mfupi uliopita.

"Huyu ana viungo vyote. Twamzuia asianze kazi mpaka akomae, na ndani ya mwili wake mafundo yaweza kufungika. Ila ni dhaifu, akua polepole, apenda baridi, na ukimharakisha aharibu. Tumemwita Goigoi."

Bi Mwanatumu aligeuza uso akamtazama Alfani. Alfani akavitazama viatu vyake.

"Abdulaziz," alianza Bi Mwanatumu, bila kueleza kwa nini jina hilo limemjia sasa hivi, "alikuja akaposa, akataja mahari, akauliza siku, akausifu mkeka wangu, akaaga. Chai haijapoa."

"Madonge," alinong'ona Mwanaima.

"Umesemaje?"

"Sikusema kitu, shangazi."

"Chapuchapu wako huyo angalau amekuja. Ataka ndoa kabla ya Ramadhani, na mimi siku hizi huwaza nitakufa nikuache peke yako na machupa." Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa baridi peke yake. "Nilikuwa na macho, mwanangu. Nimemwona huyu fundi akija kwetu kutengeneza mara ya pili friji ambayo haijaharibika. Nikamngoja. Nikamwambia baba yako, mwache kijana ajipange. Ajipange hata lini? Mwanamume hata hodi ya posa hajapiga, nimjibu nani?"

Hapo Alfani aliinua kichwa. Alikuwa amepauka.

"Shangazi, kwa heshima zote, mimi nilipiga hodi. Na nilikubaliwa."

Mota iliguna pale mezani.

"Ulikubaliwa na nani?" aliuliza Bi Mwanatumu.

"Na wewe, shangazi. Wakati wa sensa. Mjomba wangu wa Kibuyuni nyonga ilikuwa imemlaza, akaniambia nitafute kwanza mtu mzima mwenye adabu akabishe, aulize kama pana nafasi, naye akipona aje rasmi. Nikamtuma mtu. Akarudi akaniambia tayari, wameridhia. Tangu siku ile mjomba angoja mpange siku. Nami nimejenga chumba, nimeezeka, nimenunua..." Akamtazama Mwanaima.

"Kitanda," alimalizia Mwanaima. Alijishikiza kwenye rafu. Siku zote hizo yeye amekuwa akimlaani mwanamke wa kile kitanda, na mwanamke huyo ni yeye.

"Hakuja mtu kwangu," alisema Bi Mwanatumu. "Wallahi hakuja."

Ufunguo ukazunguka nje. Mlango ulifunguka, joto la Galu likaingia, na nyuma yake akasimama kizingitini Justus, mwanamume mnene wa kutoka Kakamega, tai shingoni na kijiti mdomoni. Bi Mwanatumu alisimama na koti lake.

"Mtu wa sensa," alisema.

"Shikamoo mama," alisema Justus, uso wake wote ukiwa kicheko. "Kumbe ni wewe. Huyu ndiye mama ya kuku, Alfani. Mimi huwa namwambia kila siku, sijawahi kula kuku namna ile tangu nikuje Coast."

"Wewe ulikuja kwangu kuposa?"

"Si ndiyo. Huyu aliniambia, Justus, huko usiingie na pupa, salimia, kaa chini, ngoja uulizwe shida yako. Nikasalimia. Nikakaa. Nikangoja."

"Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala," alisema Bi Mwanatumu. "Nilitaka ule kwanza."

"Na ukaniambia watu wote wa nyumba, mmoja mmoja. Ukafika kwa huyu dada, ukasema, yuko Mwanaima, hajaolewa. Mimi nikasema asante."

"Nilikuwa nahesabiwa. Wewe ulikuwa na kalamu mfukoni."

"Hiyo ni ya stoo, mama. Sasa kuku ikakuja, ya nazi. Nikaangalia sahani, nikaona firigisi." Justus alitoa kijiti mdomoni kwa heshima ya neno hilo. "Kwetu firigisi haipewi mtu hivi hivi. Kama umetumwa kwa mambo ya msichana na wenyewe wakupatie firigisi, hiyo imeisha. Kuuliza tena ni kama unawatusi. Nikakula, nikaomba Mungu abariki hii nyumba, nikatoka nikakuja kumwambia huyu, bro, tuko ndani."

"Firigisi kwetu huliwa na paka," alisema Bi Mwanatumu, polepole. "Siku ile paka alikuwa amezaa, hashuki darini."

Justus alitazama kijiti chake. Alfani alijifuta uso kwa viganja vyote viwili, na Mwanaima, aliyekuja Galu kwa kiapo, alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko machozi yakawa machozi ya kweli, maana Ijumaa ilikuwa palepale, Abdulaziz alikuwa palepale, na posa ya Alfani sasa ilikuwa imeliwa na Justus.

"Nyamaza," alisema Bi Mwanatumu. "Nataka kufikiri."

Alifikiri akiwa ndani ya koti. Alizunguka meza, akakitazama kile kitasa kinavyokwenda na kurudi, akazitazama chupa zenye ukungu, akamtazama Alfani kwa muda mrefu kama anayepima kitambaa.

"Huyu alikuja kabla ya Abdulaziz au baada?"

"Kabla, shangazi," alisema Mwanaima. "Sensa ilikuwa kabla."

"Basi Abdulaziz nimemtoa wapi mimi? Haifai posa juu ya posa. Dini imekataza."

"Lakini hukumkubalia Alfani," Mwanaima alisema, kwa sababu hakuweza kuamini. "Hukujua hata alilojia."

"Nimkane mtu niliyemlisha kuku mzima? Na nikimkana, nitamwambia nini mamake Abdulaziz na dunia nzima? Kwamba Mwanatumu alimlisha mshenga akidhani ni sensa, akamhesabia na watoto wa jirani? Nitachekwa mpaka Vanga. Bora waseme nilijua." Alimgeukia Alfani. "Mjomba wako nyonga yake vipi?"

"Ahueni, alhamdulillahi."

"Aje kesho. Si kesho yako wewe ya kutengeneza friji. Kesho hii ya jua kuchomoza. Akimleta Justus, Justus asizungumze." Akamwagiza Justus akamletee chai ya moto kutoka jikoni, na mlangoni akalirudisha kreti mahali pake kwa mguu, akahakikisha limekaa vizuri. "Mlango uwe wazi," alisema bila kugeuka. "Mimi nipo hapa ukumbini."

Walibaki wawili, na mlango wazi. Alfani alizima mota. Walianza kupanga chupa ndani ya sanduku la barafu, na vidole vyao vilikutana juu ya chupa moja vikachelewa kuachana.

"Ulidhani kitanda ni cha nani?" aliuliza Alfani.

"Usiniulize."

"Mimi nilikuwa nikikuona umenikasirikia, nikasema ni haya ya mchumba."

"Alfani, uliwauliza mjomba, Justus, shangazi, na nadhani hata kuku. Mimi hukuniuliza."

Alfani aliweka chupa chini. Safari hii hakutazama bisibisi wala viatu. "Nakuuliza sasa. Wanitaka, Mwanaima?"

Macho yake yalikuwa ya mtu anayeisikiliza friji kabla ya kuigusa. Mwanaima alilitaka neno la ndiyo litoke, na lilikuwa limefika kwenye ulimi, lakini ukumbini Bi Mwanatumu alikohoa kikohozi kirefu.

"Nitakutumia jibu," alisema, akalifunga sanduku.

Kulipokucha aliwapasua Goigoi wake maabara, akawazungusha kwenye mashine, akangoja. Kwa Chapuchapu protini yote ilizama chini ikawa tope jeupe. Leo tope lilikuwa dogo, na alipoyapima maji ya juu, mstari mwembamba wa buluu ulijitokeza mahali pake hasa. Protini ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa nzima. Aliutazama mstari ule akitabasamu peke yake mpaka mkubwa wa maabara akamuuliza kama ni mzima.

Mjomba wa Kibuyuni alifika asubuhi hiyo hiyo akichechemea, na Mwanaima alipotoka kazini alimkuta barazani na baba yake, ambaye alikuwa akisema, "Kamuulizeni dada yangu." Justus alikuwa pembeni, kanyamaza kama alivyoagizwa. Mwanaima alikwenda moja kwa moja jikoni. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Alimkunia nazi mwenyewe, akamtia ndimu na bizari, na alipoiva akachagua bakuli dogo lenye kifuniko, akatia ndani kipande kimoja tu, akalifunga kwa leso yake mpya.

"Justus," aliita mlangoni. "Ukirudi Galu mpe Alfani hii. Usifungue, usile."

Justus alinyanyua bakuli, akanusa, akaelewa. Macho yalimlowa mtu mzima wa watu.

Bi Mwanatumu alichungulia ndani ya sufuria. "Na paka atakula nini?"

"Leo atasubiri, shangazi," alisema Mwanaima, na yule paka akamfuata Justus mpaka barabarani akilia.